Mafua ya nguruwe: kitimoto haina kosa, angalia pumzi za mgonjwa wako

Mimi nafuga nguruwe huku Mbozi, huu mwaka wa kumi sasa, na kila redio ikitaja mafua ya nguruwe basi kesho yake asubuhi lazima jirani mmoja asimame pale kwenye uzio aniulize eti kitimoto bado inaliwa? Inaliwa ndugu yangu, na ntaeleza kwanini. Ila hilo swali linanisumbua, maana watu wanamwogopa nguruwe wa kwenye banda halafu hawana habari na mtoto anayehema juu juu kitandani. Mi nishakesha na mtoto wa hivyo. Kwa hiyo naandika hatua kwa hatua mambo ninayoyajua, ili ukishikwa ujue pa kuanzia.

Hatua ya 1: jua kwanza unaongelea ugonjwa gani

Hapa ndo wengi wanachanganya, maana kuna magonjwa mawili na majina yanakaribiana sana.

Kuna homa ya nguruwe, ile ya Kiafrika. Hiyo wataalamu waliielezea mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, ngiri wa porini anakaa nayo bila kuumwa lakini ikiingia kwenye banda la nguruwe wa kufugwa inafagia. Binadamu haimpati kabisa, hata akishika nyama, hata akiila. Ukisikia wamezuia kusafirisha nguruwe au wamefunga machinjio ya nguruwe wilaya fulani, mara nyingi ni hiyo.

Halafu kuna mafua ya nguruwe, ambayo ndo mada ya leo. Haya ni mafua ya influenza, kirusi kinaitwa H1N1, kinakaa kwenye pua, koo na mapafu. Kile kilichotikisa dunia kilijulikana mwezi wa nne 2009 kule Mexico na California, tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ni janga la dunia nzima, na mwisho wa mwezi huohuo kikathibitishwa Kenya kwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuja na wenzake Kisumu, mwezi wa saba kikaonekana na Tanzania. Angalia hapo, kilikuja na watu kwenye ndege. Hakikuja na nguruwe.

Sasa kwanini kinaitwa cha nguruwe? Kwa sababu kilivyochunguzwa maabara kilikutwa na vipande vya virusi vya nguruwe, vingine asili yake ni ndege na binadamu. Nguruwe koo lake linapokea mafua ya ndege na mafua ya watu, yani virusi vya pande zote vinaweza kukutana ndani ya nguruwe mmoja vikachanganyika kikazaliwa kirusi kipya. Lakini kikishajua kumuingia binadamu kinatembea mtu kwa mtu, kwa kukohoa, kupiga chafya na mikono, na nguruwe anakuwa hahusiki tena.

Misri hawakusubiri kuelewa hilo. Mwaka 2009 waliamua kuchinja nguruwe wote wa nchi, karibu laki tatu, wakati hakuna nguruwe hata mmoja wao aliyekutwa na kirusi hicho. Wafugaji wenyewe ndo walikuwa wazoa taka wa Cairo, nguruwe wao walikuwa wanakula mabaki ya chakula ya mji mzima, nguruwe walipoisha taka zikaanza kurundikana mitaani. Na mafua yakaingia vilevile. Mi kama mfugaji hii habari inaniuma mpaka leo.

Janga lilitangazwa kuisha tarehe 10 Agosti 2010 ila kirusi hakikwenda popote, kimebaki na sisi kama moja ya mafua ya kila mwaka. Kwa hiyo mafua ya nguruwe siyo habari ya zamani, inawezekana ushayaugua ukasema ni mafua tu ya baridi.

Hatua ya 2: tofautisha na mafua ya kawaida, na usisahau malaria

Mafua ya kawaida yanakuja taratibu, leo koo linawasha, kesho pua inatiririka, na bado unaenda shamba. Influenza inakuangusha. Asubuhi mzima, jioni umelala, homa imepanda, baridi inatetemesha, kichwa, mgongo na miguu vinauma kama umepigwa, kikohozi kikavu, hamu ya kula hakuna, na uchovu ule wa kushindwa hata kusimama kuchota maji. Watoto wengine wanatapika na kuharisha.

Toka kirusi kikuingie mpaka uanze kuumwa ni kama siku 1 hadi 4. Na unaanza kuambukiza wenzio siku moja kabla hujajijua unaumwa, unaendelea siku 5 mpaka 7 baada ya kuanza, watoto wadogo zaidi ya hapo.

Shida yetu ni kwamba homa, kutetemeka, kichwa na viungo kuuma ndo dalili tulizofundishwa za malaria toka utotoni. Huwezi kuzitofautisha kwa macho, mi siwezi na dokta pia hawezi, kwa hiyo homa yoyote kapime malaria, kile kipimo cha kidole ni dakika kama 20 tu. Kikisoma hakuna, basi hakuna, usimeze mseto kwa sababu tu homa imekataa kushuka.

Hatua ya 3: usikimbilie rangi mbili

Ntasimulia yaliyonikuta. Mwezi wa saba mmoja, ile baridi ya huku ya kupasua midomo, binti yangu wa miaka mitatu alianza kuumwa ghafla mchana. Nikaenda duka la dawa pale senta, nikaeleza tu kwa mdomo, nikapewa vidonge vya rangi mbili nivifungue nimkorogee na mseto juu yake, mtoto hajapimwa, mimi sijauliza. Nikampa siku mbili nzima. Usiku wa pili bibi yake akaniita, akamfunua shati karibu na taa akaniambia angalia hapa mbavuni. Kila akivuta pumzi ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani, na pua zinapanuka. Nikashika simu nikahesabu dakika nzima, pumzi 52. Mtoto wa miaka mitatu zikifika 40 tu akiwa ametulia tayari ni hatari. Tukatoka na bodaboda usiku uleule, kituo cha afya wakamuwekea oksijeni, akalala pale siku nne, na nesi akanieleza taratibu bila kunigombeza kwamba mafua yalishafungua njia kwenye mapafu na nimonia ndo imeingia.

Rangi mbili, amoksilini, azithromaisini, hizo zote ni antibayotiki, zinaua bakteria, kirusi cha mafua haziwezi hata kidogo. Kama kuna nimonia ya bakteria juu ya mafua, kama ilivyokuwa kwa binti yangu, hapo zinahitajika tena haraka, ila aliyemsikiliza kifua na kumpima ndo anatakiwa aamue ni ipi na kiasi gani. Nilichokosea mimi ni zile siku mbili nilizokaa nikijiona nimeshamtibu.

Hatua ya 4: hesabu pumzi, hili jifunze leo kabla hujauguliwa

Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue tumbo na kifua. Fungua saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, dakika moja kamili, usihesabu nusu dakika ukazidisha maana watoto wanapumua kwa mafungu. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ziandike ukutani jikoni au nyuma ya kadi ya kliniki.

Mtoto wa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo ni anayehema haraka hivyo, mbavu zinazoingia ndani, midomo kubadilika rangi ikawa ya bluu au kijivu, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, degedege, anayelala huwezi kumuamsha vizuri, au ambaye hajakojoa masaa 8. Kichanga chini ya miezi mitatu mwenye homa yoyote ile usisubiri kitu.

Kwa mtu mzima ni kukosa pumzi, kifua kubana au kuuma, kuchanganyikiwa, kizunguzungu kisichoisha, kutokojoa, kuishiwa nguvu kabisa. Na kuna moja inawadanganya wengi, mgonjwa anapata nafuu siku ya tatu au ya nne, homa inashuka, anacheka na watu, halafu homa inarudi kwa kishindo na kikohozi kibaya kuliko mwanzo. Hiyo usiiite mafua yamerudi, hiyo mara nyingi ni nimonia.

Wapo pia ambao hatusubiri hizo dalili, wakianza tu homa na kikohozi wanaenda kuonwa siku ileile: wajawazito na waliojifungua wiki mbili hizi, watoto chini ya miaka mitano hasa chini ya miwili, wazee wa 65 kwenda juu, wenye pumu, kisukari, moyo, figo, selimundu, wanaoishi na VVU, na wenye unene mkubwa. Mjamzito nasisitiza sana, mwaka 2009 wajawazito ni kati ya walioumia zaidi. Na kingine kilichoshangaza watu mwaka ule ni umri, mafua yamezoeleka kuua wazee lakini wataalamu wa Marekani walikadiria asilimia 80 ya waliokufa duniani mwaka wa kwanza ni watu wa chini ya miaka 65. Vifo vilivyopita maabara vilikuwa elfu 18 na kitu, lakini makadirio yao yalianzia 151,700 yakaenda mpaka 575,400, maana wengi hawakuwahi kupimwa. Kwa hiyo kijana mwenye kifua cha mazoezi asijione hayamhusu.

Hatua ya 5: dawa ya kirusi ipo, ila ina saa yake

Inaitwa oseltamivir, wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya masaa 48 toka dalili zianze. Mtu mzima kawaida anapewa miligramu 75 asubuhi na jioni kwa siku 5, mtoto anapimiwa kwa uzito, na mwenye matatizo ya figo anapunguziwa. Mjamzito anapewa. Siyo dawa ya kujinunulia, na siyo kila mgonjwa anaihitaji, mtu mzima mwenye afya yake atapona kwa kupumzika, lakini yule wa kwenye orodha ya juu au aliyezidiwa inaweza kumuokoa na hata masaa 48 yakipita dokta bado anaweza kumuanzishia. Haipatikani kila duka wala kila zahanati. Kwa hiyo ukifika uliza wazi, dokta hii inaweza kuwa influenza, huyu ni mjamzito, hiyo oseltamivir ipo hapa au tuandikiwe rufaa? Kuuliza siyo utovu wa heshima.

Hatua ya 6: kumuuguza nyumbani asiye na dalili za hatari

Homa na maumivu ni paracetamol. Mtu mzima kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya masaa 4 mpaka 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Mtoto fuata uzito, mfano mtoto wa kilo 12 dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5, mpe mililita 5 kwa kile kikombe au sirinji inayokuja na dawa, siyo kijiko cha chai cha jikoni maana vijiko vyetu havilingani, na usizidishe mara nne kwa siku. Soma na pakiti za zile dawa za mchanganyiko za mafua, nyingi zina paracetamol ndani, mtu anameza zote mbili anadhani ni dawa tofauti kumbe anaumiza ini. Aspirini usimpe mtoto wala kijana mwenye mafua, kuna ugonjwa mbaya wa ubongo na ini unaletwa na huo mchanganyiko.

Maji, uji mwepesi, supu, madafu kama uko pwani, ORS kama anatapika au kuharisha. Kidogo kidogo kila mara, hata vijiko viwili kila dakika tano. Angalia mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea bado hajanywa vya kutosha. Anayenyonya aendelee kunyonya, mama akiwa ndo anaumwa anawe mikono, avae barakoa amnyonyeshe, asimwachishe.

Tangawizi, limao na asali vinatuliza koo, kunywa tu, ila mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Kujifukiza naona watu wanapenda, sikatazi mtu mzima kuvuta mvuke akijisikia nafuu, lakini kirusi hakiuawi na nyungu, na kumfunika mtoto blanketi juu ya sufuria ya maji yanayochemka usithubutu, wanaungua na wanakosa hewa.

Nyumba zetu nyingi ni chumba na sebule, sijidanganyi kusema kila mgonjwa apewe chumba chake. Fanya kinachowezekana. Dirisha liwe wazi mchana hata kama kuna baridi, mgonjwa alale karibu na dirisha, wengine walale kichwa upande wa pili angalau mita moja, mhudumu awe mmoja tu na siyo mjamzito wala bibi, kikombe na taulo yake pekee. Vyombo na nguo zake huhitaji kuzichoma wala kuzitupa, sabuni ya kawaida inatosha. Akae ndani mpaka yapite masaa 24 bila homa na bila kumeza dawa ya kushusha homa, ndo arudi shule au kazini.

Hatua ya 7: kujikinga

Nawa mikono kwa sabuni sekunde 20, hasa ukitoka kwenye hiace, maana ile bomba ya kushikia juu imeshikwa na kila mtu na kirusi kinaweza kukaa kwenye chuma na plastiki siku moja mpaka mbili. Sabuni haipo, tumia kitakasa mikono chenye alkoholi asilimia 60 au zaidi. Kohoa kwenye kiwiko, siyo kiganjani halafu unampa mtu mkono wa shikamoo. Kwenye hiace omba madirisha yafunguliwe, watakunung'unikia kwa sababu ya vumbi na baridi, we omba tu.

Chanjo ipo. Chanjo ya mafua ya kila mwaka inakinga na hii H1N1 pia, inatolewa kuanzia umri wa miezi 6, mtoto chini ya miaka 9 akichanja mara ya kwanza anapata dozi mbili zikipishana wiki nne, na kinga inachukua kama wiki mbili kujijenga. Inarudiwa kila mwaka kwa sababu kirusi kinabadilika. Kwetu haimo kwenye zile chanjo za kliniki za watoto, unaitafuta hospitali kubwa za mijini au wanakochanjia wasafiri, na unalipia. Kama huna uwezo wa kuchanja familia nzima anza na mjamzito, mwenye pumu na mzee.

Na kitimoto? Mafua haya hayaingii kwa kula. Nyama ikiiva vizuri, yani joto la katikati lifike nyuzi 71, hakuna kirusi cha mafua kinachobaki, na kwa jicho maana yake ukate kipande kinene katikati usione wekundu wala maji ya damu. Hiyo pia inakulinda na minyoo ya tegu ambayo kwa kweli ndo ya kuiogopa kwenye nguruwe asiyeiva.

Hatua ya 8: wafugaji wenzangu

Ukiwa na mafua usiingie bandani. Sisi ndo tunawaambukiza. Mwaka 2009 kule Alberta, Canada, nguruwe wa shamba moja walikutwa na kirusi hikihiki, na aliyeshukiwa kuwapelekea ni binadamu. Tuma mtu mwenye afya yake, na kama uko peke yako vaa barakoa, nawa, lisha, toka. Kuku na bata wasilale wala kula pamoja na nguruwe, kwa ile sababu ya virusi kukutana.

Nguruwe wakianza kuugua angalia hivi. Mafua ya kwao yanakuja kwa banda zima kwa mpigo, wanakohoa kama mbwa anayebweka, wanalaliana, hawagusi pumba, makamasi, halafu baada ya siku 5 mpaka 7 wengi wanasimama wanakula, wanaokufa ni wachache. Hapo wape maji mengi, malalo makavu, uwakinge na upepo, na ukiingia vaa barakoa.

Ukiona masikio, tumbo na miguu vimekuwa vyekundu au zambarau, damu puani au kwenye haja kubwa, na wanakufa mmoja baada ya mwingine ndani ya siku chache, hiyo mara nyingi ni homa ya nguruwe ile ya Kiafrika. Haina tiba. Najua uchungu wake, unaona ada za watoto zimelala pale chini, na kishawishi kinachokuja ni kuwahi kuchinja waliobaki uuze kabla hawajafa. Usifanye. Mlaji haitamdhuru lakini kirusi kinasafiri kwenye ile nyama, damu na viatu vya mchinjaji mpaka banda la mwenzio kijiji cha tatu. Funga banda, asitoke nguruwe wala pumba wala mbolea, mpigie afisa mifugo wa kata, wazikwe au wachomwe kama atakavyoelekeza. Namba yake mi nimeiandika kwa rangi kwenye mlango wa banda, na chini yake nikaandika zile namba tatu za pumzi, 60, 50, 40.